Harriet Tubman: Maisha Yake, Jamaa Zake na Utumishi Wake Vitani

Utangulizi

Makala haya yanasimulia maisha ya Harriet Tubman, mwanamke wa Marekani aliyezaliwa mtumwa mnamo mwaka 1822 na kufariki akiwa huru mwaka 1913. Jina lake si geni kwa wasomaji wetu. Wengi wanamfahamu kama mwanamke aliyewatorosha watumwa kutoka majimbo ya Kusini na kuwafikisha Kaskazini na hatimaye Kanada. Sifa hiyo ni ya haki, lakini imefunika mambo mawili ambayo sisi tunayaona kuwa ndiyo kiini cha maisha yake. La kwanza ni jamaa zake, kwani safari zake karibu zote zilikuwa za kuwafuata ndugu, wazazi na watoto wa ndugu zake. La pili ni utumishi wake katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), ambao serikali aliyoitumikia ilichukua zaidi ya miaka thelathini kuutambua, tena nusunusu.

Hapana budi kuanza na suala la ushahidi. Harriet hakujua kusoma wala kuandika. Kila neno linalosemekana kuwa lake limepitia kwenye kalamu ya mtu mwingine, na hasa ya Sarah Bradford, aliyechapisha habari zake mwaka 1869 na kuzipanua mwaka 1886. Bradford aliandika usemi wa Harriet kwa tahajia ya kubuni iliyokusudiwa kuonyesha lafudhi ya watumwa. Kwa mwanaisimu, tahajia ya namna hiyo hutueleza habari za sikio la mwandishi kuliko za kinywa cha msemaji. Aidha, baadhi ya maneno mashuhuri yanayobandikwa jina lake siku hizi, kama lile dai kwamba angewakomboa maelfu zaidi lau wangejitambua kuwa ni watumwa, hayana chanzo chochote katika maandishi ya wakati wake. Kwa hiyo hatukumnukuu mahali popote. Tunasimulia alivyotenda.

Wazazi na ndugu

Jina alilopewa utotoni ni Araminta Ross, nao watu wa kwao walimwita Minty. Alizaliwa katika wilaya ya Dorchester, jimbo la Maryland, upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake, nchi ya vinamasi, mito na misitu ya mbao. Baba yake, Ben Ross, alikuwa fundi na msimamizi wa ukataji magogo. Mama yake, Harriet Green, aliyeitwa Rit, alikuwa mpishi. Bibi mzaa mama, Modesty, aliletwa kutoka Afrika katika meli ya watumwa. Wapo waliodai kwamba alikuwa Mwashanti, lakini dai hilo halina hati ya kulithibitisha na afadhali liachwe.

Ben na Rit walizaa watoto tisa: Linah, Mariah Ritty, Soph, Robert, Minty, Ben, Rachel, Henry na Moses. Tunawataja wote kwa makusudi, maana habari inayofuata ni habari ya jinsi orodha hiyo ilivyopungua. Mume na mke hawakuwa na bwana mmoja. Ben alikuwa mali ya Anthony Thompson, naye Rit na watoto wote waliomtoka walikuwa mali ya ukoo wa Brodess. Sheria ilikuwa mtoto hufuata hali ya mama. Hivyo hata Ben alipoachwa huru mwaka 1840, uhuru wake haukumgusa mkewe wala mtoto hata mmoja. Edward Brodess, aliyerithi watumwa hao, aliwauza Linah, Mariah Ritty na Soph kwa wafanyabiashara wa Kusini, nao hawakuonekana tena. Alipotaka kumwuza Moses, kitindamimba, Rit alimficha kijana huyo kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na walipomjia nyumbani aliapa kumpasua kichwa yeyote atakayetangulia kuvuka kizingiti. Uuzaji ule ukavunjika. Tukio hilo lilisimuliwa na Harriet mwenyewe, na yumkini hapo ndipo alipopata somo lake la kwanza kwamba bwana naye anaweza kukataliwa.

Kuna jambo jingine juu ya Rit linalostahili kukumbukwa. Mnamo miaka ya katikati ya 1840, Harriet alimlipa wakili dola tano ili apekue wosia za zamani za ukoo wa mabwana zao. Ikabainika kwamba babu wa ukoo huo, Atthow Pattison, alikuwa ameagiza kwamba Rit na watakaozaliwa naye watumike hadi watimize miaka 45 tu. Muda wa Rit ulikuwa umekwisha pita na hakuna aliyemwambia. Binti asiyejua kusoma alilipia kusomewa hati, akagundua kwamba mama yake alikuwa anashikwa kinyume cha hati hiyo. Tutaona kwamba hati zilimwandama hadi uzeeni.

Minty mwenyewe alianza kukodishwa kwa watu tangu akiwa na umri wa miaka sita hivi. Alitumwa kukagua mitego ya wanyama wa majini katika vinamasi huku akiugua surua. Alichapwa na bibi mmoja kwa sababu mtoto mchanga aliyekuwa akimlea alilia usiku. Alipokuwa kijana, katika duka moja huko Bucktown, mnyapara aliyekuwa akimfukuza mtumwa mwingine alirusha jiwe la mizani lenye uzito wa ratili mbili, nalo likampiga Minty kichwani. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake alikuwa akishikwa na usingizi wa ghafla hata katikati ya mazungumzo, na kuona maono aliyoyapokea kama maelekezo ya Mungu.

Mnamo 1844 aliolewa na John Tubman, mtu huru, na wakati uo huo akajiita Harriet, jina la mama yake. Ndoa ya mtumwa na mtu huru haikuwa na nguvu ya sheria, na watoto, kama wangepatikana, wangekuwa mali ya Brodess.

Kutoroka na kurudi

Brodess alifariki Machi 1849, akaacha madeni. Kila mtumwa alijua maana yake: mnada. Tarehe 17 Septemba mwaka huo Harriet na kaka zake, Ben na Henry, walitoroka. Mjane, Eliza Brodess, alitangaza gazetini zawadi kwa atakayewakamata, na tangazo hilo lilimtaja Harriet kwa jina la Minty, umri wake ukikisiwa kuwa miaka 27. Nakala yake iligunduliwa mwaka 2003, nayo ni hati ya thamani kubwa, kwani ilisaidia kusahihisha makadirio ya zamani ya mwaka wake wa kuzaliwa. Kaka zake waliingiwa na hofu wakarudi pamoja naye. Baada ya muda mfupi akatoroka tena, safari hii peke yake, akafika Philadelphia.

Safari ya kwanza ya kurudi ilikuwa Desemba 1850, kwa ajili ya Kessiah, binti wa dada yake Linah aliyeuzwa. Kessiah na watoto wake wawili walipandishwa mnadani mbele ya mahakama ya mji wa Cambridge. Mume wake, John Bowley, fundi wa meli aliyekuwa huru, alijitosa kunadi kama mnunuzi wa kawaida, na kabla malipo hayajadaiwa mke na watoto walikuwa wamekwisha fichwa. Usiku akawapakia katika mashua ndogo hadi Baltimore, ambako Harriet alikuwa akiwangoja. Mwaka 1851 Harriet alirudi kumchukua mumewe, akiwa amemnunulia suti mpya. Akamkuta ameoa mke mwingine, naye hakutaka hata kuonana na Harriet. Inasemekana kwamba Harriet alifikiria kwenda kufanya vurugu, akaghairi, akawachukua wengine waliotaka kwenda.

Safari ya Krismasi ya 1854 ndiyo inayoeleza zaidi kuliko zote. Robert, Ben na Henry walikuwa wauzwe siku iliyofuata sikukuu. Harriet aliagiza aandikiwe barua ya mafumbo kwa mtu huru aliyejua kusoma, Jacob Jackson, kana kwamba imetoka kwa mtoto wake wa kulea. Wakaguzi wa posta waliifungua, wakashindwa kuielewa. Jackson akaifahamu mara moja, akajifanya naye haielewi. Robert alichelewa, kwa sababu mke wake alikuwa katika uchungu wa kuzaa, akamwacha na kichanga cha siku moja. Watoro walijificha katika ghala la mahindi karibu na nyumba ya wazazi wao. Rit alikuwa akiwangoja wanawe kwa chakula cha sikukuu, nao wakimwona kupitia nyufa za mbao bila kuthubutu kumwita, kwa kuwa kilio chake kingewafichua. Ben, baba yao, aliwapelekea chakula akiwa amefunga kitambaa machoni, ili akiulizwa aweze kuapa kwamba hakuwaona wanawe. Walipofika Kaskazini kaka hao walijipatia jina jipya la ukoo, Stewart. Anayetafuta ukoo wa Ross katika hati za Kanada na za jimbo la New York asipojua hilo hawapati.

Wazazi walifuatwa mwaka 1857. Ben alikuwa amekwisha mnunua mkewe kwa dola 20 mwaka 1855, lakini alikuwa hatarini kukamatwa kwa kuwahifadhi watoro. Wote wawili walikuwa wazee, kwa hiyo Harriet alitengeneza kigari cha kubuni kwa magurudumu makuukuu na ubao wa kukalia.

Bradford aliandika kwamba Harriet alifanya safari 19 na kuwakomboa watu 300. Tarakimu hizo zimenakiliwa katika vitabu vya shule kwa zaidi ya karne moja. Uchunguzi wa Kate Clifford Larson, uliochapishwa mwaka 2004, unaonyesha safari 13 hivi na watu 70 hivi, mbali ya wengine waliotoroka wenyewe kwa kufuata maelekezo yake. Sisi tunaona kwamba hesabu ndogo haimpunguzii Harriet kitu. Watu 70 wenye majina, ambao wengi wao tunaweza kusema walikuwa nani wake, wana uzito kuliko 300 wasio na jina.

Aliyeshindikana ni Rachel, dada yake. Kwa karibu miaka kumi Harriet alijaribu kumtoa, naye Rachel hakukubali kuwaacha watoto wake wawili, ambao walikuwa wametenganishwa naye. Harriet aliporudi kwa mara ya mwisho, mwishoni mwa 1860, alikuta Rachel amekwisha kufa, na dola 30 za hongo zilizohitajika ili kuwapata watoto hakuwa nazo. Akaondoka na familia nyingine, wazazi na watoto wao, mmoja wao mchanga aliyelazwa kwa dawa ili asilie.

Vitani

Vita vilipoanza Harriet alikuwa na nyumba. Mwaka 1859 William Seward, mwanasiasa mashuhuri wa New York, alikuwa amemwuzia kiwanja na nyumba karibu na mji wa Auburn kwa dola 1,200, kwa mkopo. Hapo ndipo wazazi walipokaa. Mapema 1862, kwa mpango wa gavana wa Massachusetts, John Andrew, akawaacha wazee hao na deni juu, akasafiri hadi Beaufort, katika visiwa vya Carolina ya Kusini vilivyokuwa vimetekwa na majeshi ya Kaskazini.

Huko alikutana na kizuizi ambacho sisi wanaisimu hatuna budi kukitua. Watu wa visiwa hivyo walizungumza Kigullah, lugha iliyozaliwa kwa kukutana kwa Kiingereza na lugha za Afrika Magharibi na ya Kati. Lorenzo Dow Turner, katika kitabu chake cha mwaka 1949, alionyesha wingi wa maneno ya Kiafrika ndani yake, yakiwemo ya Kikongo na Kimbundu, ambazo ni lugha za Kibantu kama Kiswahili. Harriet, mtu wa Maryland, hakuwaelewa, nao walimcheka aliposema. Waliompeleka huko walidhani kwamba rangi moja ni lugha moja. Aidha watu wale walinung'unika kwamba mgeni huyu anapewa posho ya jeshi ilhali wao hawapewi. Harriet akaiacha posho yake. Mchana aliuguza askari na wakimbizi, na waliokuwa wakihara damu aliwatibu kwa maji ya mizizi na majani aliyochemsha mwenyewe. Usiku alioka mikate ya tangawizi na kupika vinywaji vya mizizi, vikauzwa kambini, naye akaishi kwa pato hilo. Kati ya fedha chache alizopata kutoka serikalini, dola 200 hivi, sehemu aliitumia kujenga nyumba ya kufulia ili wanawake waliotoka utumwani wajipatie riziki kwa kuwafulia askari.

Kazi yake ya tatu ilikuwa upelelezi. Aliongoza kikundi cha wanaume wenyeji, wengine wao mabaharia wa mito ile, waliopenya nyuma ya maadui na kuleta habari. Matunda yake yalionekana usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Juni 1863. Meli tatu za mvuke zenye mizinga zilitoka Beaufort zikiwa na askari weusi wa Kanali James Montgomery kuelekea mto Combahee. Moja ilikwama njiani, mbili zikaendelea. Wapelelezi walikuwa wamekwisha jua mahali yalipotegwa mabomu majini, kwa kuwa waliyaambiwa na watumwa waliolazimishwa kuyatega. Askari wakachoma vinu na maghala ya mpunga, na honi za meli zilipolia watu wakatoka mashambani wakikimbilia mtoni, wanawake na watoto shingoni, wengine na vyungu vya wali ungali na moto, nguruwe na kuku mikononi. Mashua zilizowavusha zilikuwa ndogo, na wale wa ukingoni walizishikilia zisiondoke. Montgomery alimwomba Harriet awatulize watu wake. Hakuwa na lugha yao zaidi ya aliyokuwa nayo kanali. Akaimba, nao wakainua mikono juu wakishangilia, na mikono iliyoinuliwa ikaziachia mashua. Zaidi ya watu 700 waliokolewa usiku ule. Hesabu ya Harriet mwenyewe ilikuwa 756.

Majuma machache baadaye aliagiza aandikiwe barua kwa rafiki yake Franklin Sanborn huko Boston. Aliomba vazi la suruali pana la kike, kwa sababu gauni lake lilichanika vipandevipande katika mbio za mto Combahee alipokuwa amembebea mama mmoja mgonjwa nguruwe wake. Na aliwasihi marafiki wasiwasahau wazazi wake. Julai mwaka huo aliwauguza majeruhi wa kikosi cha 54 cha Massachusetts baada ya shambulio la ngome ya Wagner, na mwaka 1865 alikuwa katika hospitali ya askari huko Fort Monroe, Virginia. Akiwa njiani kurudi nyumbani na hati ya jeshi ya nauli nafuu, kondakta wa treni alikataa kuamini kwamba mwanamke mweusi anaweza kuwa na hati ya namna hiyo. Wanaume kadhaa walimng'oa katika kiti chake wakamtupa katika behewa la mizigo, wakamvunja mkono.

Auburn na suala la pensheni

Nyumba ya Auburn ilijaa watu: wazazi, kaka, wake zao, yatima na wazee wasio na kwao. Mji mzima ulimwita shangazi. John Tubman aliuawa Maryland mwaka 1867 na mtu mweupe ambaye mahakama ilimwachia. Mwaka 1869 Harriet aliolewa na Nelson Davis, askari wa zamani, mfyatuaji wa matofali, aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1874 wakamlea mtoto wa kike, Gertie. Ben alifariki mwaka 1871, na Rit mwaka 1880.

Kitendawili kikubwa cha ukoo huu ni Margaret Stewart, msichana ambaye Harriet alimchukua Maryland na kumkabidhi kwa nyumba ya Seward alelewe. Alice, binti wa Margaret, alieleza baadaye kwamba mama yake alikuwa binti wa kaka yake Harriet, kwamba nyumba yao ilikuwa huru na ya kujiweza, na kwamba alichukuliwa bila wazazi kuarifiwa. Lakini hakuna kaka wa Harriet anayefahamika kuwa na nyumba ya namna hiyo. Alice alitaja pia kwamba Margaret alifanana mno na Harriet, na waandishi wengine wa karibuni wameuliza kama hakuwa mwanawe wa kumzaa. Neno la Kiingereza alilotajwa kwalo halisaidii, maana halitofautishi mtoto wa kaka na wa dada. Kiswahili kingembana msimulizi mapema: je, msichana alimwita Harriet shangazi, au mama mdogo?

Tuje kwenye pensheni. Madai ya Harriet yalianza mara baada ya vita. Mwaka 1868 Charles Wood, mkazi wa Auburn, alikusanya barua za maofisa waliothibitisha kazi yake. Majibu hayakuja. Tatizo halikuwa uhaba wa mashahidi. Miongoni mwao walikuwamo majenerali, na Seward alikuwa waziri wa mambo ya nje. Tatizo lilikuwa kwamba hakuwahi kuandikishwa katika daftari lolote la askari, na utaratibu haukuwa na safu ya kumtia mwanamke mweusi aliyeongoza wapelelezi. Nelson alipofariki kwa kifua kikuu mwaka 1888, mlango mwingine ulifunguka, kwani sheria ya 1890 iliwapa wajane wa askari dola 8 kwa mwezi. Hata hapo alitakiwa aapishwe mara kadhaa. Nelson alitumikia jeshi kwa jina la Nelson Charles, akaoa kwa jina la Nelson Davis, na mjane ilimpasa athibitishe kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Kwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alikuwa Minty kisha Harriet, dada wa akina Stewart waliozaliwa Ross, swali hilo halikosi kejeli. Pensheni ya ujane ilikubaliwa mwaka 1895.

Mwaka 1898 alidai tena haki yake mwenyewe, dola 1,800, kwa uuguzi, upishi na uongozi wa wapelelezi. Kamati ya Bunge ilipendekeza dola 25 kwa mwezi, na sheria ya Februari 1899 ikampa 20: zile 8 za ujane pamoja na nyongeza ya 12 kwa kuzingatia uuguzi wake. Upelelezi haukulipwa. Kwa maneno mengine, serikali ilimkubali kama mke wa mtu na kama muuguzi, kazi mbili ambazo ilizoea kuziona kwa wanawake, na ikaacha ile aliyoifanya usiku wa Combahee.

Fedha hizo hakuzitumia peke yake. Mwaka 1896 alikuwa amenunua mnadani ekari 25 zilizopakana na nyumba yake, akitaka zijengwe makao ya wazee weusi. Mwaka 1903 alilikabidhi shamba hilo kwa kanisa lake, AME Zion, na makao yakafunguliwa mwaka 1908. Yeye mwenyewe aliingia humo mwaka 1911 akiwa hajiwezi, akafariki kwa homa ya mapafu tarehe 10 Machi 1913. Alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Fort Hill, Auburn.

Mwaka 2003 Bunge la Marekani liliidhinisha dola 11,750 zipelekwe kwenye makao hayo kuwa fidia ya pensheni aliyopunjwa. Tarehe 11 Novemba 2024 jimbo la Maryland, lililomzaa mtumwa, lilimpa cheo cha Brigadia Jenerali katika jeshi lake la akiba. Mwaka huohuo mwanahistoria Edda Fields-Black alichapisha utafiti juu ya Combahee, akiwa amepekua majalada ya pensheni ya wanaume waliopanda zile meli kisha wakajiunga na jeshi, na ya wajane wao. Katika viapo vyao, walivyotoa mbele ya makarani ili kuthibitisha umri na ndoa zao, walieleza walizaliwa shamba gani, nani alikuwa jirani, nani alimwoa nani, na nani walivuka mto pamoja usiku ule. Majina ya wengi waliohesabiwa katika wale 756 sasa yanajulikana.